Mkono Wangu Ndani ya Gari la Gualtiero

Mirella shoga yangu, nimeumbuka! Mashavu yananiwaka mpaka sasa.

Si leo padre alikuwa anabariki magari ya zamani? Tukitoka, Gualtiero wa chama cha magari ya zamani akanipa lifti kwenye ile Lancia Thema yake ya miaka ya themanini. Shoga, lile si gari, ni sebule! Kwenye kile kigari chetu, Cinquecento ya marehemu mume wangu Osvaldo, mabega yanagusana hata mkiwa mmenuniana.

Unakumbuka Cinquecento inavyowashwa? Unazungusha ufunguo, halafu unavuta kijiti kilicho chini, katikati ya viti. Kuvuta ilikuwa kazi yangu, miaka yote. Osvaldo alikuwa anasema, "Haya mama, mwamshe," nami navuta.

Sasa Gualtiero kachomeka ufunguo, mkono kaupeleka kwenye gia. Wangu ukashuka wenyewe. Ukakamata mkono wake. UKAUVUTA, Mirella! Kwa nguvu!

Na madirisha wazi! Wale wazee wa chama cha magari wakapiga kelele: "Gualtiero, leo umepatikana!"

Yeye akasema polepole, "Fiorenza, hii inawaka kwa ufunguo tu."

Kwa ufunguo tu, kaniambia. Na mkono wake hakuutoa. Mimi ndiye niliyeutoa wangu.

Nimefika nyumbani, ndani sikuingia. Nimekaa kwenye Cinquecento hapa uani, kiti changu kilekile cha abiria. Nikazungusha ufunguo, nikavuta kijiti.

Imewaka mara moja, shoga. Inanguruma hapa, na mimi sijui kuendesha.