Kigari cha Chini ya Mto

Jumatatu, 2 Juni
Nimefua tena ovaroli ya bwana yangu, Papa Neema. Matope mekundu ya mgodi hayatoki, hata usugue vipi. Sijali. Kazi ni nzuri: kile kigari cha watalii kinachovutwa na kamba ya chuma, kinashuka mgodi wa zamani mpaka chini ya mto. Yeye anapiga kengele, walio juu wanavuta. Neema amefunga boksi la viatu kwa uzi wa rasta, analiburuta chini ya kitanda. Kigari cha Papa. Papa kamuahidi kumpandisha, ila anasema familia za wafanyakazi zinangoja zamu. Sawa. Tutangoja.

Alhamisi, 5 Juni
Baridi. Saluni ninakosuka haina watu, mtaa wetu wote wa La Rochelle umejifungia. Jioni simu ya Papa Neema ililia, mwenyewe anaoga. Mwanaume: "Mama, nipe Papa Daniel."
"Umekosea, kaka. Hapa ni kwa Papa Neema."
Akakata. Papa Neema akasema hata hamjui. Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka sana.

Jumamosi, 7 Juni
Nilichoka kungoja zamu. Nikanunua tiketi mwenyewe, tumshangaze. Dada wa dirishani ni Mtanzania. Nikamuonyesha picha: bwana yangu huyu, usimwambie tumekuja.
"Huyu si Papa Daniel? Mbona siku ya familia alikuja na mkewe, Daniel wao kabebwa mgongoni?" Halafu akaniangalia vizuri. "Eish. Pole, dada yangu."
Ningerudi. Lakini Neema alishavaa kofia ya mgodi, anarukaruka.
Tukashuka. Papa Neema alikaa mbele, mkono kwenye kengele. Alituona. Chini ya mto wanazima taa, watalii waonje giza la mgodi. Neema akaita, "Papa!" Akaita tena. Yeye akawaambia wageni kwa Kizungu kwamba hapa watoto wengi huogopa, wanaita baba zao. Wakacheka. Sauti ileile anayoombea chakula chetu.

Jumapili, 8 Juni
Sikuenda ibada. Amekubali yote. Mwanamke anakaa mtaa wa Bertrams. Anasema alitaka kuniambia. Anasema mbele ya watu wa kazi angefanyaje? Kwetu mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo kule kazini Neema wangu hajazaliwa. Yule mwanamke labda nitakuja kumsamehe. Giza lile, hapana. Mtoto anakuita, unamnyamazia!

Jumatano, 11 Juni
Amekuja kuchukua nguo. Ovaroli nimempa vilevile, na matope yake. Neema alikuwa chini ya kitanda na boksi lake. Hakutoka. Baba yake alipoondoka, nami nikajipenyeza humo, miguu ikabaki nje. Giza.
"Mama?"
Nikaitika. Akaita tena, kunijaribu tu. Nikaitika.