Jakuzi la Watu Wawili

Kaka, usinipigie, soma tu. Rafiki yako, yaani mimi, leo kavunjika moyo katikati ya duka.

Alikwenda na shemeji yako kuchagua jakuzi dogo la watu wawili, yale mabeseni ya maji moto yenye mapovu, ambalo rafiki yako alimwahidi tangu astaafu. Muuzaji akawaambia waingie kulijaribu, kavu hivyo hivyo. Wakavua viatu, wakakaa magoti yakigongana. Rafiki yako akaanza porojo zake, eti aliwahi kuoga na kiboko wakagombania sabuni. Duka zima likacheka.

Shemeji yako hacheki. Anauliza tu, "Huu mfuniko, mtu mmoja anaweza kuuinua?"

Muuzaji: "Lakini mama, mtakuwa wawili!"

"Nimeuliza, mmoja anaweza?"

MMOJA, kaka! Rafiki yako akamtania, "Unanitoroka, bibie?"

Shemeji yako akamshika mkono. Akasema polepole, "Majibu yangu ya hospitali si mazuri. Nimeshindwa kukwambia. Nataka nikuachie jakuzi utakaloliweza peke yako."

Ndani ya jakuzi kavu, kaka. Miguu mitupu. Watu wanapita na vikapu vyao.

Muuzaji hakusikia kitu. Akauliza walilete lini.

Shemeji yako ndiye aliyejibu: "Leteni kesho, mwanangu. Na mimi nataka nilifaidi kidogo."