Wimbo Niliotunga Nikichuma Majani Chai

Kibugu

Mpendwa mjukuu wangu Wanja,

Natumaini umeshazoea joto la Mombasa. Sisi tu wazima, ila baridi inatutesa, na ng'ombe amezaa ndama dume tena.

Uliniuliza kwa nini huwa nazima redio wimbo wa marehemu kaka yangu Nyaga ukipigwa. Nyumbani kwetu sote tuliimba, maana baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Lakini wimbo ule niliutunga mimi, nikichuma majani chai. Kila baada ya mstari unanyamaza kidogo, kwa sababu hapo mikono ilikuwa imejaa, nami nikarusha majani kwenye kikapu mgongoni.

Nyaga alipoitwa Nairobi kurekodi, baba aliniambia, "Mpe kaka yako huo wimbo. Wewe utaolewa uende nao kwa watu wengine." Nikamfundisha. Santuri ilitoka na jina lake peke yake.

Siku ya harusi yangu alikuja kuuimba, tayari mtu maarufu. Mzee mmoja akamuuliza, "Hiyo ya kunyamaza katikati uliitoa wapi?" Nyaga, ambaye hakuwahi kuchuma chai hata siku moja, akajibu, "Ni Mungu tu alinipa." Watu wakashangilia. Baba akaniangalia, nami nikapiga makofi.

Nyaga nilimsamehe kabla hatujamzika. Ile mikono iliyopiga makofi ndiyo sijaisamehe, na ndiyo ninayokuandikia nayo barua hii.

Cucu wako