Baba Yako Asizifyatue

Lorna,

Nakuomba uisome barua hii peke yako, kisha uichome. Bosi akijua nimekuandikia, kazi sina.

Theluji imeanza, na duka letu la bunduki limejaa wawindaji. Brody wako alipita Jumamosi, amevaa sweta uliyomfumia. Mimi hukuwahi kunifumia hata soksi. Alitaka risasi za jumla, za bei ya chini kuliko zote. Nikamshauri anunue boksi moja kwanza, akalijaribu shabahani, ndipo arudi kuchukua kasha zima la maboksi, kama wafanyavyo wawindaji wote huku.

Akacheka. "Dogo, wivu unakutafuna. Lete kasha, baba mkwe ananingoja."

Hilo neno "baba mkwe" likanichoma, nikampa kasha.

Jana mteja mwingine alikuja na mkono uliofungwa bendeji. Bunduki ilimpasukia. Risasi zake ni za shehena ile ile ya kasha la Brody, zimejazwa baruti kupita kiasi. Bosi ameniambia, "Wendell, funga mdomo mpaka tumalize zilizobaki."

Utasema nazua haya ili ugombane na Brody. Ni kweli namwonea wivu, hata usingizi sipati. Lakini msimu wa kuwinda ukifunguliwa, atakayeziweka risasi hizo kwenye bunduki ni baba yako, na yeye hajanikosea kitu.

Usipige simu dukani. Piga kwa shangazi yangu Verna baada ya chakula cha jioni. Nitakaa karibu na simu kila siku. Kama huniamini, mpe Brody namba apige mwenyewe. Nitapokea.

Wendell