Nyuzi Tano za Uongo

Malambo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mbaazi za shamba la juu, mmeshavuna au mvua imewawahi? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inachemka, na sababu unaijua. Jana ulinitumia ujumbe eti nikamwombe radhi Baba Petro, kwa kuwa ndiye baba yangu wa ubatizo na ndiye aliyenipa kazi. Sikia kwanza, baba.

Kazi yenyewe ni kulinda friji ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Chanjo ikipata joto inakufa, basi nikatengeneza kifaa cha kupima joto lake. Kuna kihisi kidogo kama punje ya mahindi kinachokaa ndani ya friji. Waya wake unaingia kwenye boksi lenye saketi, na kompyuta ya ukubwa wa ukucha inasoma joto na kuliandika kwenye kioo. Likizidi nyuzi nane, kinalia. Kikalia kweli, kila mchana, maana betri ya sola imechoka. Nikamwambia Baba Petro, akasema atashughulikia.

Akashughulikia! Nilikwenda kijiji cha Arash kufunga kifaa cha pili, kurudi nakuta kimya. Nyuzi tano asubuhi, tano mchana na jua la huku unalijua, tano jioni. Nami mjinga nikafurahi, nikatia sahihi ripoti. Chanjo ikapelekwa kijiji cha Piyaya, ng'ombe wakachomwa sindano.

Juzi ikawa zamu ya Malambo, ng'ombe wameshajaa zizini. Natoa chupa ya chanjo kwenye friji, ni vuguvugu. Kioo kinasema tano. Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian, mjane mwenye mitamba minne tu, alikuwa amesimama karibu, ameshika kikombe chake cha chai. Nikamwomba, nikatoa kihisi kwenye friji, nikakichovya humo. Tano. Akatazama kioo, akatazama mvuke.

"Mwanangu," akasema, "chai yangu imepoa lini?"

Nikafungua boksi pale pale. Waya wa kihisi umekatwa humo ndani, na mahali pake imelehemiwa rezista ya kawaida, isiyojua joto wala baridi. Ingesema tano hata friji ikishika moto. Ulehemuji ule naujua, ni wa Baba Petro, ndiye aliyenifundisha. Naye alikuwepo pale zizini, nikamuuliza mbele ya watu. Akaninong'oneza kwamba wageni wanaofadhili mradi wa chanjo walikuwa njiani na ile kelele ilimtia aibu, na kwamba mtoto wa ubatizo hamvui nguo baba yake hadharani.

Aibu yake, baba! Watu wa Piyaya wanaamini mifugo yao imekingwa. Sasa hivi wanainywesha pamoja na ng'ombe wanaokohoa, na Baba Petro amekataa katakata kwenda kuwaambia.

Radhi nitaomba. Kesho napanda pikipiki kwenda Piyaya kuwaambia wenye ng'ombe kuwa sahihi kwenye ile ripoti ni yangu. Wakinitukana, ni haki yao. Ila kwa Baba Petro siendi, hata ukinikasirikia.

Nisalimie mama, na shangazi wa sokoni mwambie shuka lake linanifaa sana. Msalimie na dada, unibusie mtoto wake. Nasikia mmeshamwomba Baba Petro amsimamie ubatizo.

Mtafutieni mtu mwingine.

Mwanao,
Daniel