Mguu wa Sajini Ndulele

Kihesa, Iringa
9 Machi 2023

Binamu Didas,

Kamwene. Natumaini baridi ya Uyole bado inakunyoosha. Sisi tunaendelea, shemeji yako Verediana anakusalimu. Mimi niko, ila kidole cha mguu wa kushoto kiligombana na jembe na ile sukari yangu imeingilia ugomvi, basi nimewekwa kitandani kidogo. Usiwatangazie watu wa Mbeya.

Nina shida nyingine. Redioni wamesema Sajini Ndulele, yule askari wa katuni zetu, amerudi. Sasa yuko kwenye televisheni kila Jumapili, na televisheni yetu iliuawa na radi. Wewe uliyeacha kusoma katuni siku ulipooa, ukajifanya mtu mzima, nakupa adhabu: mwangalie, uniandikie. Bado anatembelea mkongojo? Bado anamwambia mwizi, "Kimbia tu, mimi sina haraka"?

Verediana anasema nikupigie simu. Simu hukatika mtu anapofika kwenye utamu. Andika, uwape madereva wa malori ya mchele waniletee.

Mtoto wa mjomba wako,
Aroni

*

Uyole, Mbeya
21 Machi 2023

Kwa mtani Aroni, mgonjwa wa kidole,

Salamu nyingi. Hapa wazima, isipokuwa tumbo langu limefika mlangoni kabla yangu. Pole ya kidole. Mtu mzima kupigwa na jembe lake mwenyewe, hiyo ni kesi ya Sajini.

Nimeangalia. Kwanza nimepotea. Siku zetu kulikuwa na gazeti moja, Ndulele mmoja, mwizi mmoja. Sasa kuna Ndulele wa televisheni, kuna Ndulele wa kwenye simu ambaye ni kijana na ana mchumba, na inasemekana ni mtu yuleyule. Nilimuuliza mke wangu Yusta maswali mpaka akanihamishia jikoni.

Ila habari kubwa ni hii: wamempa miguu miwili. Mizima kabisa. Anaruka kuta, anakimbiza pikipiki. Nilikasirika kidogo, halafu nikasema, wana haki. Nani siku hizi atakaa kumtazama kilema akichechemea nyuma ya mwizi? Watu wangelala. Wewe ndiye pekee uliyekuwa unafunga mguu kwa kanga ya shangazi Batuli ili uwe yeye, na mimi mwizi wa kudumu nikikimbia polepole kwa huruma.

Pona upesi. Wiki ijayo nakuletea mengine.

Mtoto wa shangazi yako,
Didas

*

Kihesa, Iringa
30 Aprili 2023

Shemeji Didas,

Shikamoo. Poleni na kazi. Barua zako mbili za baadaye zimefika, hakutaka zifunguliwe, ndiyo maana hujajibiwa. Najua ulidhani amenuna.

Shemeji, si kidole. Kidole kilikuwa cheusi tangu Februari. Daktari wa hospitali ya Tosamaganga alisema mguu ukatwe chini ya goti kabla ugonjwa haujapanda, na Aroni alikubali, siku ikapangwa. Alinikataza kukwambia. Alitaka kwanza apate habari za Sajini wake, akasema akishamwona anachechemea kwenye televisheni naye ataingia chumba cha upasuaji akipiga mluzi.

Barua yako ilipofika nilimsomea. Alicheka. Halafu akaniambia, "Rudia hapo penye miguu." Nikarudia. Akasema, "Hata Ndulele wamemrudishia. Kumbe watu walikuwa wanavumilia tu." Asubuhi yake aligoma kwenda hospitali, na mpaka leo anagoma. Mchungaji amekuja, kaka yangu Ezekia amekuja. Chumba sasa kina harufu, shemeji, na usiku anatetemeka kwa homa.

Sikulaumu, hukujua. Lakini sisi wote ana maneno ya kutujibu. Wewe ni mtani wake. Mtani hajibiwi.

Shemeji yako,
Verediana

*

Rujewa
3 Mei 2023

Aroni,

Sikuulizi hali, ninaijua. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia kwenye mashine ya mchele, na vumbi la pumba likianguka kwenye karatasi usiseme ni machozi.

Nilichoandika kilikuwa upuuzi wa mtu aliyeangalia kipindi kimoja. Sasa nimeviangalia vyote. Huyo wa miguu miwili anakimbia, anahema, anafika, na mwizi ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Kila Jumapili. Yule wetu alikuwa anakamata kwa sababu alikwenda taratibu. Aliona majivu yaliyomwagika, aliona kuku walikokimbilia. Hawa wa televisheni wamempa mguu, wakamnyang'anya macho.

Sasa sikiliza, hapa sikubembelezi. Kwenye msiba wa baba yangu ulikuja umevaa kofia yake, ukatembea kama yeye mbele ya waombolezaji, ukaingia chumbani kwangu ukatoka na sanduku langu la katuni kichwani. Sanduku zima. Ukasema, "Mtani nimechukua." Nilifungua mdomo, wazee wakanitazama, maana alichochukua mtani msibani hakidaiwi, nikaufunga. Unawaambia watu niliacha katuni nilipooa. Niliacha siku hiyo, kwa sababu zilikuwa kwako.

Leo ni zamu yangu. Mimi Didas, mtoto wa shangazi yako, nauchukua mguu wako wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Ni mali yangu tangu sasa. Huna ruhusa ya kuuliza, huna ruhusa ya kununa, na huna ruhusa ya kukaa na kitu cha mtu kikioza kitandani kwako. Uwapelekee Tosamaganga waniwekee.

Mpunga ukiisha shambani nakuja.

Mtani wako,
Didas

*

Tosamaganga, wodini
2 Juni 2023

Mwizi Didas,

Salamu. Mwandiko ni wangu, umepinda kwa sababu nimelala ubavu. Verediana anakuamkia, amelala kwenye kiti, mara ya kwanza naona amelala amefumba mdomo.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa nikitafuta jibu. Hakuna jibu. Nilimwambia Verediana, "Huyu mshenzi ameshachukua, mimi nitafanyaje?" Tukaja.

Nilichelewa, binamu. Wamekata juu ya goti, kwa hiyo umechukua zaidi ya ulichoomba. Daktari bado anakifungua kidonda kila asubuhi na kukitazama, na mimi najifunza kutomuuliza. Mguu unaniwasha, pale ambapo haupo. Ezekia ameuzika nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi, akaweka jiwe. Ni kaburi lako, si langu. Njoo ulilie mali yako.

Sanduku liko chini ya kitanda changu Kihesa. Silirudishi. Utasomea hapohapo, kwa sauti, na sauti za wezi wote utazifanya wewe.

Wamenipa mkongojo, umeegemea ukuta. Bado sijaugusa. Ila nimeshapiga hesabu kwamba safari hii kanga ya shangazi haitahitajika.

Kimbia tu, mtani. Mimi sina haraka.

Aroni