Chanzo cha Neno

Jumatatu, 9 Juni
Wewe uliyeyashika maandishi haya, nakuomba kwa jina la Mungu, usimsomee mtu. Hata wa nyumbani mwako.

Baridi kali. Magazeti yamefika na basi, ya jana kama kawaida. Nimemwandikia bosi wetu wa wilaya muhtasari wa habari. Yeye si mtu wa huku, anataka pia maneno ya siasa ya mtaani na maana zake. Nimeweka "chawa": anayemsifu mkubwa ili apate kula. Amecheka. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata neno jipya mtaa wa Mfaranyaki, kwa Osmundi fundi viatu. Huwasomea watu gazeti huku anashona. Leo: mgombea kapita bila kupingwa.

"Jamani, kapita kama mbuzi shamba la mjane!"

Kijiwe kizima kikacheka. Sasa wanasema "kupita kimbuzi". Nimeliandika, na pembeni chanzo, kama chuo kilivyonifundisha: Osmundi, fundi viatu, Mfaranyaki.

Bosi hakucheka. Amezungushia kalamu nyekundu. Si kwenye neno. Kwenye jina.

Alhamisi, 12 Juni
Sanduku la Osmundi lipo kijiweni. Mwenyewe hayupo. Jana jioni alichukuliwa na watu wawili, gari halina namba. Mkewe, Mama Editha, amenishika mkono.

"Karani, wewe uko ofisini. Wamesema ni mahojiano tu. Mahojiano huwa siku ngapi, mwanangu?"

Neno hilo nimeliandika mara nyingi kwenye muhtasari. Sikuwahi kuandika maana yake.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda kwa bosi kusema nilikosea, kwamba neno ni la watu wote. Nimefika mlangoni. Nimesema shikamoo. Nimerudi mezani kwangu.

Mwoga.

Jumatatu, 16 Juni
Hana habari yoyote, Mama Editha. Kijiweni gazeti limekunjwa juu ya sanduku, hakuna anayelisoma. Nilipokaa, waliinuka mmoja mmoja.

Muhtasari wa leo: hakuna maneno mapya.

Bosi ameandika chini: Safi.

Ukisikia lolote juu ya Osmundi, usinipigie simu. Usije ofisini. Njoo misa ya kwanza Jumapili, benchi la mwisho, karibu na mlango. Nitavaa viatu alivyonishonea, vyeusi, uzi wa kahawia. Kaa pembeni yangu, usiseme kitu. Kama yu hai, nikanyage kidogo.